Mwenzenu nafuga vyura wa ngozi

Mwenzenu nina ugonjwa. Tulia, si ule unaoufikiria. Ugonjwa wangu mimi ni vyura.

Si vyura wa bwawani wanaokunyima usingizi masika. Vyura wangu ni wa ngozi, wengine wa pamba, na hawaruki hata uwachome sindano. Ninao kumi na tisa. Wanakaa kwenye boksi la viatu uvunguni mwa kitanda, na mama watoto keshaapa kwamba siku nitakayomleta wa ishirini, mmoja wetu atahamia huko huko uvunguni.

Ngoja nifafanue kabla hujafungua ukurasa wa michezo. Unaijua singe? Kile kisu kirefu kinachochomekwa kwenye mdomo wa bunduki, ambacho wengine wanakiita bayoneti. Singe isipokuwa kwenye bunduki inalala kwenye ala yake. Sasa ala haijishiki yenyewe kiunoni, lazima kuwe na kitu cha kuiunganisha na mkanda. Kitu hicho ni kipande cha ngozi kisichozidi kiganja cha mkono. Juu kimekunjwa kupitisha mkanda, chini kina kama mfuko usio na kitako unapopita ala, na mbele kina kijitundu cha kunasa kifungo cha chuma kilicho ubavuni mwa ala, ili mwanajeshi akitoka nduki asije kuacha mali ya serikali vichakani. Waingereza, kwa sababu wanazozijua wenyewe, kitu hicho wanakiita chura. Wajerumani wanakiita kiatu cha mkanda. Mimi nimechukua cha Mwingereza, maana ukisema unakusanya viatu watu wanakuletea raba zilizotoboka.

Ulinianza zamani, kabla Soko la Karume pale Ilala halijaungua Januari 2022. Nilikwenda kutafuta mkanda wa suruali. Muuza mtumba akanivutia mmoja mzito kutoka chini ya marundo, una kigozi kimening'inia pembeni. Akatoa wembe. "Ngoja nikukatie hii takataka, broo." Sijui nini kilinituma, nikamshika mkono. Nilipofika ghetto nikakigeuza nyuma, nikakuta muhuri: jina la fundi, jina la mji wa Uswisi, na tarakimu mbili tu, 43. Yaani 1943. Mwenzenu usingizi ukakata. Dunia nzima inachinjana, Uswisi imekaa pembeni haimo vitani, halafu kuna fundi kakaa kwenye kiti chake anashona vyura! Nikaanza kuuliza, nikaanza kusoma, na ndiyo ikawa nitolee.

Kumtambua chura si uganga. Mgeuze mgongo, maana usoni wote wanafanana. Ukiona kialama kama unyayo wa kuku, mistari mitatu inayokutana juu, huyo ni mali ya serikali ya Mwingereza. Unyayo huo ukiwa na herufi I chini yake, kapitia India. Mataji matatu ni Mswidi. Mjerumani anapiga jina la kiwanda na mwaka, mpaka ilipofika katikati ya vita vya pili akaanza kuficha viwanda vyake nyuma ya namba ndefu kama ya mita ya umeme. Halafu pitisha kidole. Mwingereza wa mwaka 1908 na yule wa 1937 hawatumii ngozi, wanatumia pamba iliyosukwa nene kama mkanda wa begi la shule. Ila vita vya kwanza vilipopamba moto, kiwanda cha pamba kikazidiwa na oda, ikabidi mwaka 1914 warudi kwenye ngozi. Kumbuka hapo pa ngozi, nitaparudia.

Na usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiambiwa huyu ni chura wa Mmarekani wa vita vya kwanza, cheka uondoke: ala yake ilikuwa na kikulabu cha waya kinachoning'inia moja kwa moja kwenye matundu ya mkanda. Mrusi wa enzi za mfalme wao ndiyo kabisa, singe ilikaa kwenye bunduki usiku na mchana. Na hii SAR ya Kichina ambayo kila mtu Bongo anaijua, singe yake imefungwa palepale chini ya mtutu, inakunjwa na kukunjuliwa. Haina ala, haina chura. Washkaji wa kijiweni wanajua sasa. Zamani waliniletea mpaka mifuko ya simu.

Agosti 2023 ugonjwa nusura unipeleke ndani. Jeshi letu lilitoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Mama watoto hakusema neno, aliniwekea tu gazeti juu ya sahani ya wali. Machale yakanicheza. Kesho yake nikabeba boksi hadi ofisi ya serikali ya mtaa. Jamaa niliyemkuta akamtoa mmoja, akamgeuza, akamvaa kidoleni.

"Hii inavaliwa wapi?"

"Haivaliwi, mkubwa. Ni ya kuningʼinizia kisu."

"Kisu kiko wapi?"

"Sina kisu hata kimoja."

Akaniangalia kwa huruma kama anaangalia mgonjwa wa Mirembe. Akachukua wawili waliokuwa na rangi ya kijani ya kijeshi, akanirudishia wengine. Kwa hiyo mkisikia kumi na tisa mjue walikuwa ishirini na moja.

Sasa twende kwetu.

Kwetu ni Msangano, wilaya ya Momba, ule mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Unashuka Tunduma, unapenya katikati ya malori yaliyopanga foleni kuingia Zambia na vijana wanaokupungia mabunda ya kwacha, unatafuta gari la Msangano, unameza vumbi. Bibi yangu mzaa baba bado yupo, umri umekwenda ila ulimi haujachoka hata kidogo. Kwenye sanduku lake la bati, ndani ya kanga iliyopauka, kuna kigozi. Utotoni nilikiona mara mbili tatu na kikanipita. Safari hii nilipokwenda, nikiwa tayari mgonjwa wa vyura, alipokifunua moyo ukanienda mbio.

Kigozi hicho kina kesi. Baba yake babu, ambaye sisi wote tunamwita Mzee, alikuwa askari wa Mjerumani. Hivyo alivyosema mwenyewe hadi anaingia kaburini. Mwaka 1964 habari ziliwafikia huku kwamba Wajerumani wameamua kuwalipa askari wao wa zamani walio hai mishahara waliyowakopa tangu vita vya kwanza, na malipo yanatolewa Mwanza. Mzee hakuwa na cheti wala karatasi. Alikuwa na kigozi tu. Akataka auze ng'ombe mmoja apate nauli. Ng'ombe walikuwa zizini kwa babu yangu, mtoto wake wa kwanza, na babu akakataa katakata: hatuuzi ng'ombe kwa ajili ya hadithi za redio. Mzee hakwenda. Miaka miwili baadaye akafariki.

Tangu hapo ukoo umekatika vipande viwili. Upande wa mdogo wake babu unasema sisi tuliwanyima hela ya Mjerumani. Msemaji wao mkuu ni Baba Mdogo, binamu yake baba. Huyu bwana hawezi kumaliza sherehe bila kulitaja. Harusi, msiba, ubatizo, mkishamaliza kula utamsikia: "Sisi leo tungekuwa na trekta." Bibi kwa miaka yote hiyo anameza tu, maana mumewe hayupo tena kujitetea.

Basi bwana, nikakichukua kigozi cha Mzee, nikakisogeza kwenye mwanga, nikakigeuza mgongo. Unyayo wa kuku! Pembeni yake, kwa shida, 1915. Ngozi ya kahawia, ushonaji wa kiwandani. Chura wa Mwingereza, mtindo ule ule wa 1914 niliokwambia ukumbuke. Kitu kingine nilikiona ila sikukitilia maanani: kile kijitundu cha kifungo kimepanuliwa kwa kisu, na ubavu umeshonwa upya kwa uzi ambao haujatoka kiwandani.

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Mimi, mtoto wa mjini, mtaalamu wa vyura, nikasubiri jioni watu wamekaa, na Baba Mdogo yumo, nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Hiki kitu si cha Mjerumani. Ni cha Mwingereza, mwaka 1915. Hata Mzee angekwenda Mwanza nacho wangemfukuza. Kwa hiyo kesi ya ng'ombe imekwisha."

Bibi akatabasamu kidogo, nikajiona bingwa. Baba Mdogo akaweka kikombe chini.

"Unasema Mzee alikuwa mwongo?"

Hapo ndipo ningeomba maji ya kunywa nikalale. Badala yake nikaendelea kuchonga. Nikasema labda hakuwa askari, labda alikuwa tengatenga, mpagazi, akakiokota njiani. Nikasema si aibu, wapagazi walibebeshwa vita nzima vichwani, pande zote mbili za mpaka huu, na hata Kariakoo yetu ya Dar ilipata jina kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Hayo yote ni kweli tupu. Lakini kijijini kwetu jina la Mzee ni Askari. Wajukuu wawili wamepewa jina hilo. Baba Mdogo akainuka, akavaa koti lake, akanielekeza kidole: nisikanyage kwake mpaka nijifunze kuheshimu waliokufa. Akaondoka bila kula, na upande wao wote ukamfuata. Chakula kikabaki. Bibi hakutabasamu tena.

Alfajiri nikaingia mitini. Nimekaa Tunduma nasubiri basi la Dar, tiketi mfukoni, natazama ng'ambo ya mpaka, vilima vya upande wa Nakonde. Huko ndiko kulikuwa na kituo cha Mwingereza kilichoitwa Fife. Na Fife ndiyo iliyonizindua. Mwenzenu nikapata joto la ghafla masikioni.

Sikia. Mwisho wa 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikuwa ameishiwa. Risasi hana, dawa hana. Novemba mwaka huo akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na siku ile ile aliyovuka, tarehe 25, akaivamia ngome ya Wareno pale Ngomano na kuzoa bunduki na risasi zao mpaka za kuchagua. Kuanzia hapo jeshi lake likawa linaishi kwa kuvaa na kula vya maadui. Bunduki nyingi walizoanza nazo vita mwaka 1914 zilikuwa za zamani mno, muundo wa 1871, ukipiga risasi moja moshi unamwambia adui ulipo. Nani angeacha bunduki safi ya Mwingereza vichakani kwa sababu eti si ya kwao? Septemba 1918 akarudi upande huu, akapita Songea, akapita Ubena, akakunja kuja Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba alikuwa anaipiga Fife. Yaani hapa! Hii njia ya malori. Akaingia Rhodesia ya Kaskazini hadi Kasama, ndipo akaambiwa vita vimekwisha Ulaya. Akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Na walikabidhi nini? Hapo ndipo pa kushika kichwa. Bunduki zaidi ya 1,000, za Mwingereza na za Mreno. Bombomu 37, na 30 kati ya hizo ni za Mwingereza. Askari wa Mjerumani wa mwaka 1918 ukimkagua kiunoni, ulichotegemea kukikuta ni kitu cha Mwingereza!

Na kile kijitundu kilichopanuliwa! Askari wa Mwingereza anapewa chura na ala vinavyoendana, ana haja gani ya kupasua kwa kisu? Anayepasua ni yule aliyeokota chura wa huyu, ala ya yule, akalazimisha ndoa. Mimi na vyura wangu kumi na tisa niliyaona hayo yote kwa macho yangu mawili nikayaita mwisho wa kesi.

Basi likaja. Nikalitazama linaondoka na nauli yangu. Nikamwita kijana wa bodaboda.

Sikwenda kwa Bibi, nilikwenda moja kwa moja kwa Baba Mdogo. Nikasimama nje ya boma, nikapiga hodi mara tatu ndipo akajibu. Nikamwamkia kwa kuinama mpaka chini. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na naomba Bibi naye aitwe, maana nililosema mbele yake nalifuta mbele yake. Akanitazama muda mrefu. Akamtuma mtoto.

Nikaeleza upya, Ngomano hadi Abercorn. Nikampa chura akapitisha kidole mwenyewe kwenye kile kijitundu. "Kwa hiyo alikuwa askari," akasema. Nikajibu kwamba chura hasemi ndiyo, ila hasemi hapana tena. Mzee angeweza kuwa askari, angeweza kuwa mpagazi. Ngozi peke yake haitoshi.

"Na Mwanza wangeikubali?"

Nikawapa kisa kinachosimuliwa cha Mwanza. Kwamba wazee kama 350 walijitokeza, wenye vyeti wakawa wa kuhesabu vidoleni. Wengine wakaja na vipande vya sare zilizooza, kama Mzee wetu alivyotaka kwenda na kigozi chake. Mtu wa benki aliyeletwa kutoka Ujerumani akakwama. Mwisho akapata wazo: kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Na inasemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Baba Mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Bibi hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Ufagio," akasema. "Mzee alikuwa anawapanga watoto hapa uani na mipini ya majembe. Kila jioni. Anapiga kelele, nao wanaiweka begani. Mimi nilikuwa mwali mgeni, nilidhani anatukana." Akanyamaza, halafu akainua kidevu na kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nzito, ya kukata: "Geveya! Yuba!"

Mwenzenu nywele zilisimama. Hilo silo neno la Kiswahili, silo la Kinyamwanga wala la Kiingereza. Hiyo ni amri ya Kijerumani, bunduki begani, *Gewehr über*, imekaa kinywani mwa mwanamke wa Msangano ambaye hajawahi kumwona Mjerumani akiamrisha gwaride. Tengatenga hakufundishwa hiyo. Aliyebeba mzigo kichwani hakuwa na bunduki ya kuiweka begani.

Nilifurahi sekunde moja tu. Ya pili nikaelewa Bibi amefanya nini. Mzee alikuwa askari. Mwanza wangempa ufagio, angeuzungusha, wangemlipa. Miaka sitini yote upande wa Baba Mdogo ulikuwa na haki, na aliyethibitisha ni mjane wa yule aliyemkatalia nauli. Nikamtazama usoni. Alikuwa anajua. Alijua kabla hajafungua mdomo.

Hakuna aliyesema kitu. Kuku walipita katikati yetu.

"Ng'ombe yule alikuwa na mimba," Bibi akasema taratibu, akiwa anakifunga kigozi kwenye kanga. "Mume wangu hakumwambia baba yake, alisema tu hatuuzi. Lakini alikuwa na mimba. Nani anauza ng'ombe mwenye mimba?"

Baba Mdogo akafikiri. Akafikiri tena. Akavuta kigoda chake karibu na Bibi.

"Mama," akasema, "na ndama yuko wapi?"